Kurudisha sauti kwenye mashine za kale za michezo ya sarafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye mashine ya mchezo ya miaka ya 1960 au 1970, iwe ya kulenga shabaha, ya nyambizi, ya mbio za magari au ya pinboli. Taa zinawaka na mota zinazunguka, ila sauti haitoki, au inatoka imeharibika. Msimamo wangu nautanguliza: sauti ya asili ya mashine hizi hurekebishika karibu kila mara, na inastahili kurekebishwa kabla mtu hajafikiria kuweka nyingine.

Mashine za elektromekanika ni zipi hasa?

Ni zile zinazoendeshwa na mota, koili, rilei (swichi zinazosukumwa na koili) na swichi za kawaida, bila kompyuta wala skrini ya video. Mwaka 1966 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Periscope, mchezo wa kuzamisha meli kwa makombora ya maji yanayoonyeshwa kwa mistari ya taa. Ulipofika Marekani uliuzwa kwa senti 25 kwa mchezo mmoja. Chicago Coin walitoa Speedway mwaka 1969, na Sega wakatoa Killer Shark mwaka 1972. Mji mkuu wa kazi hii ulikuwa Chicago na vitongoji vyake: Gottlieb, Williams, Bally, Midway na Chicago Coin wote walikuwa huko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chipu zilikuwa zimeshachukua nafasi ya rilei.

Kama hakuna kompyuta, sauti inatoka wapi?

Inategemea mashine, na nyingi huchanganya njia mbili au tatu. Ya kwanza ni vitu vinavyogongwa: kengele, pau za chuma, na koili inayopiga ubao wa kabati pale mchezaji anaposhinda mchezo wa bure. Ya pili ni saketi ndogo za transista zinazotengeneza mlio wa injini, wa risasi, wa mlipuko au wa king'ora, kisha amplifaya na spika. Ya tatu ni kanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya mashine ziliwekewa katriji za njia nane, zile zile zilizokuwa zikipigwa kwenye magari ya Marekani.

Kuna na ya nne ambayo watu huisahau, yaani kelele ya mitambo yenyewe: namba za alama zinapozunguka, rilei zinapodonoa, mota inapovuma. Mashine iliyosafishwa vizuri hutoa sauti hizo kwa mpangilio, na sikio lililozizoea hutambua hitilafu kabla ya mita ya umeme.

Ni salama kufungua mwenyewe?

Ni salama ukichomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu katika mashine nyingi umeme wa ukutani hubaki kwenye fyuzi na kwenye transfoma hata swichi ikiwa imezimwa. Sehemu ya sauti yenyewe hufanya kazi kwa volti chache, lakini imepakana na waya zinazoua.

Mashine nyingi za kipindi hiki zilikuja na waya wa plagi ya pini mbili, bila ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Bunduki ya chuma, mlango wa sarafu na usukani ni vitu vinavyoshikwa na mtoto mwenye jasho mikononi. Kabla ya kugusa kitu chochote cha sauti, weka waya wa pini tatu na uunganishe ethi kwenye vyuma vyote vinavyoguswa kutoka nje. Hili silijadili na mtu.

Ukikuta amplifaya yenye valvu za kioo, kama zilizokuwamo kwenye baadhi ya mashine za zamani zaidi, jua kuna mamia ya volti humo ndani, na kapasita zake (vipuri vinavyohifadhi umeme) huweza kuushikilia baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo mpe fundi wa valvu.

Mashine yangu ni ya Marekani. Naweza kuitumia kwenye umeme wa volti 230?

Huwezi kuichomeka moja kwa moja. Ilijengwa kwa takriban volti 115 hadi 120, na mzunguko wa hezi 60. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, na kote ni hezi 50. Transfoma ya kushusha umeme itatatua volti, lakini haibadilishi hezi.

Hezi zina maana kwenye sauti. Mota ya umeme wa ukutani inayofuata mzunguko huo itakwenda kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Ikiwa ndiyo inayovuta kanda, sauti itakuwa nzito na ya kukokota. Mota za kanda za umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), zenye kidhibiti kasi chao, hazina shida hiyo. Pia transfoma ya ndani hupata joto zaidi kwenye hezi 50, kwa hiyo iguse baada ya nusu saa (plagi ikiwa imechomolewa) na usizibe matundu ya hewa ya kabati. Mashine zilizouzwa Ulaya mara nyingine zina sehemu ya kuunganishia ya volti 220 au 240, hivyo soma maandishi kwenye transfoma kabla ya kununua nyingine.

Sauti haitoki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye spika na urudi nyuma. Watu wengi huanza na ubao wa saketi kwa sababu ndio unaotisha, wanabadilisha transista tatu, kisha wanagundua waya wa spika umekatika.

Plagi ikiwa nje, chomoa waya mmoja wa spika. Chukua betri ya volti 1.5 na uguse miguu ya spika kwa sekunde moja. Spika nzima itatoa mdonoo na karatasi yake itasogea. Ukipima kwa mita, spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7, na hiyo ni kawaida. Isiposoma kitu, koili yake imekatika.

Spika ikiwa nzima, tafuta volyumu. Katika mashine nyingi iko ndani, karibu na mlango wa sarafu au nyuma, pale ambapo mwenye ukumbi angeifikia na mchezaji asingeifikia. Volyumu iliyokaa mahali pamoja miaka 50 huwa imekufa hapo hapo. Nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti na uizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi.

Baada ya hapo angalia fyuzi ya sehemu ya sauti. Ipime kwa mita, kwa kuwa nyingine huonekana nzima kwa macho na imekatika ndani ya kofia. Weka ya namba ile ile iliyoandikwa, kamwe usizidishe.

Sasa washa, na upime volti za umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye kapasita kubwa ya amplifaya. Hakuna volti? Tatizo liko kwenye rektifaya (inayogeuza umeme wa transfoma kuwa DC) au kwenye transfoma yenyewe. Volti zipo? Gusa kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki mahali sauti inapoingilia amplifaya, upande wa volti ndogo tu. Amplifaya hai itajibu kwa mvumo au mdonoo kwenye spika. Ikijibu, basi amplifaya ni nzima na unachotafuta kiko nyuma yake, kwenye saketi inayotengeneza mlio au kwenye swichi inayouamsha. Hapo umeshapunguza kazi zaidi ya nusu bila kuchomoa kipuri hata kimoja.

Fundi redio wa zamani, aliyezoea redio za transista, atajisikia nyumbani kabisa kwenye ubao huu. Hatua za amplifaya ni zile zile.

Spika imechanika. Nibadilishe?

Mchaniko mdogo hushonwa kwa karatasi nyepesi na gundi nyeupe ya maji, safu moja tu, upande wa nyuma. Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vilivyoenea pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku na hapo kubadilisha ni halali. Tafuta ya omu sawa. Ukiweka ya omu 4 mahali pa 8 unailazimisha transista ya mwisho kubeba mkondo usioistahili.

Inaunguruma muda wote, hata mchezo ukiwa umesimama.

Karibu kila mara ni kapasita ya kuchuja umeme iliyokauka. Kazi yake ni kusawazisha umeme unaotoka kwenye rektifaya, na ikikauka ile mipigo ya umeme hupenya hadi kwenye spika. Muungurumo wa hezi 100 (au 120 Marekani) unaonyesha kapasita. Ukishuka hadi hezi 50 au 60, shuku pia dayodi moja ya rektifaya kukatika, au ethi iliyoachia.

Mashine nyingine zina rektifaya ya seleniamu, ile ya mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa safu. Ikiungua hutoa moshi wenye harufu mbaya sana na wenye sumu, hivyo mimi huibadilisha kabla haijaharibika. Weka rektifaya ya silikoni. Volti zitapanda kidogo, kwa kuwa seleniamu ilikuwa inakula volti zaidi. Pima, na kama zimezidi kilichoandikwa kwenye mchoro ongeza rezista ya wati za kutosha.

Kapasita zote zibadilishwe?

Zile za elektroliti kwenye ubao wa sauti, ndiyo, zote. Ni chache na ni za bei ndogo. Za filamu na za kauri ziache, mara chache huharibika, na kuzichomoa ovyo kunang'oa njia za shaba kwenye ubao wa zamani.

Namba za zamani haziko madukani leo, lakini usihangaike. Mahali pa mikrofaradi 25 weka 22, pa 50 weka 47, pa 250 weka 220, pa 500 weka 470. Zenyewe zilitengenezwa kwa uhuru mkubwa zaidi ya tofauti hiyo. Volti ziwe sawa au zaidi. Na uangalie upande wa chanya mara mbili, kwa sababu ninayoieleza kwenye swali la germaniamu hapa chini.

Mlipuko umekuwa mfupi, au umekuwa mvumo usioisha. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana hapa ndipo ufundi wa wale wahandisi unapoonekana.

Mlipuko unahitaji kelele isiyo na noti, ule mvumo unaousikia redio ikiwa kati ya stesheni mbili. Waliupata kwa kuchukua transista ya kawaida na kuiunganisha kinyume: mguu wa besi na wa emita inapewa umeme wa upande usio wake, na mguu wa kolekta unaachwa hewani. Volti zikipita kiasi fulani, kwa kawaida kati ya 6 na 9, kiungo hicho huvunjika kwa namna isiyo na mpangilio na kutoa kelele ndogo sana. Hatua mbili tatu za amplifaya huikuza.

Lakini kelele isiyo na mwisho si mlipuko. Ili iwe mlipuko, lazima ianze kwa kishindo na ififie. Kwa hiyo kombora linapogonga, rilei hufunga kwa nukta moja na kuijaza umeme kapasita. Kapasita hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kelele, na kadiri inavyotoa umeme wake kupitia rezista ndivyo mlango unavyojifunga. Muda wa mlipuko ni muda wa kapasita kujimaliza.

Sasa dalili zinajieleza. Mlipuko ukiwa mfupi kama mtu aliyetema mate, kapasita hiyo imekauka na haibebi umeme wa kutosha. Mvumo usipoisha, ama pointi za rilei zimegandana, ama transista ya mlango inavuja. Ukisikia kishindo hafifu bila kelele ndani yake, transista ya kelele imekufa au volti zake zimeshuka chini ya kiwango cha kuvunjika.

Ukibadilisha transista ya kelele, nunua kadhaa za aina hiyo hiyo na uzijaribu moja moja. Hazilingani. Kiwanda hakikuzitengeneza ziwe na kelele, kwa hiyo moja inanguruma vizuri na jirani yake kwenye pakiti moja iko kimya. Weka soketi ndogo ya transista wakati wa kujaribu, ili usichome ubao mara nyingi.

Injini za michezo ya magari hutumia njia nyingine: osileta, yaani saketi ya kutengeneza noti, ambayo noti yake hupanda kadiri unavyokanyaga pedali. Pedali huzungusha volyumu. Injini ikiruka noti ghafla badala ya kupanda taratibu, safisha volyumu hiyo kabla ya kushuku ubao.

Transista zangu ni za germaniamu. Niweke za silikoni?

Ikiwa za germaniamu ni nzima, ziache. Kwenye kipimo cha dayodi cha mita, germaniamu husoma karibu volti 0.2 hadi 0.3, na silikoni 0.6 hadi 0.7. Kuweka silikoni bila kubadilisha rezista zinazoizunguka huleta sauti iliyokatwakatwa. Wakati wa kulehemu, bana mguu kwa koleo ndogo ili joto lisifike ndani, germaniamu haivumilii joto.

Saketi nyingi za germaniamu ni za aina ya PNP, na mara nyingi chanya ndiyo imeunganishwa na chasisi. Aliyezoea saketi za leo ataweka kapasita kinyume na itapasuka. Fuata alama za ubao na mchoro, usifuate mazoea.

Sauti inakuja mara moja moja. Ukigonga kabati inarudi.

Ni pointi za swichi, au ni lehemu iliyopasuka. Pointi za mkondo mdogo, kama za kuamsha mlio, ni za fedha: pitisha kipande cha karatasi ngumu safi katikati yake huku umezibana kwa kidole. Msasa ni mwiko. Tupa ndogo ni kwa pointi ngumu za tungsteni tu, zile zinazobeba mkondo wa koili kubwa. Kisha hakikisha zinapogusana zinasukumana kidogo. Pointi zinazogusana bila kusukumana hazijisafishi.

Usinyunyizie mafuta ya kupenya kutu kwenye rilei wala kwenye vitengo vya hatua (vile vinavyosogea hatua moja moja kuhesabu alama). Vumbi hunasa humo na baada ya miezi unakuwa na gundi.

Kengele au pau zinalia kwa sauti butu.

Pau za mlio ni vyuma bapa, mara nyingi vitatu, kila kimoja na noti yake, juu ya koili zenye mchi wa chuma unaoruka na kugonga. Mlio mzuri unataka mchi ugonge na kuanguka mara moja. Ukibaki umegusa chuma, mlio unazimika.

Safisha mchi na mrija wake wa nailoni kwa spiriti, na usitie mafuta. Ncha ya plastiki ya mchi ikiwa imeliwa, badilisha. Pete za mpira zinazobeba pau hugeuka ngumu kama mfupa, na hapo chuma hakitetemeki kwa uhuru. Pete mpya peke yake hurudisha mlio ambao mwenye mashine hajawahi kuusikia tangu ainunue. Usikaze skrubu za pau kwa nguvu.

Mashine yangu ina katriji. Naweza kuijaribu tu nione?

Tafadhali usiijaribu. Hapa ndipo sauti za asili hupotea moja kwa moja.

Katriji ya njia nane ina kanda moja isiyo na mwisho, inayovutwa kutoka katikati ya gurudumu na kurudi kuzungushwa nje yake, kwa kasi ya sentimita 9.5 kwa sekunde. Miisho miwili ya kanda imeunganishwa kwa kipande cha karatasi ya chuma. Kipande hicho kikipita kwenye kihisi, koili husogeza hedi (kichwa kinachosoma kanda) hadi njia nyingine. Gundi yake imekauka zamani. Ukiwasha, kiungo kinaachia, mwisho mmoja unamezwa ndani ya gurudumu na mwingine unajizungusha kwenye kishikizo cha mota, yaani kijiti cha chuma kinachovuta kanda.

Vuta kanda taratibu kwa mkono, upande wake wa kawaida wa kwenda, hadi uone karatasi ya chuma. Iondoe, safisha gundi ya zamani, unganisha upya kwa karatasi mpya ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha angalia sifongo zinazosukuma kanda kwenye hedi: zikikandamizwa na kubaki bapa au kumomonyoka, badilisha. Mwisho, gurudumu la mpira lililo ndani ya katriji. Likiwa limegeuka lami, toa kila chembe yake kabla haijagusa kanda, na uweke lingine kutoka katriji isiyo na thamani.

Upande wa mashine, safisha hedi na kishikizo kwa spiriti na kijiti cha pamba. Badilisha mkanda wa mpira wa mota.

Ikishakuwa tayari, mara ya kwanza kuipiga iwe ni kuirekodi. Tumia deki nzuri ya nyumbani, si ile ya ndani ya mashine, na uhifadhi njia zote bila kubana faili. Katika baadhi ya mashine kanda huzunguka muda wote wa mchezo na rilei ndiyo inayoachia sauti fulani ipite, kwa hiyo njia inayoonekana kuwa na kelele za ajabu tu inaweza kuwa ndiyo yenye sauti ya kugongwa shabaha.

Si rahisi zaidi kuweka kicheza MP3 kidogo?

Ni rahisi, na siku kanda inapokuwa imeoza kabisa ni suluhisho la heshima. Ila kwa saketi za transista sikubaliani nalo. Mlipuko wa saketi haurudii kamwe kwa namna ile ile, injini hufuata mguu wa mchezaji, na volti zinaposhuka kidogo kwa sababu koili zote zimefyatuka pamoja, sauti nayo hutetereka. Faili haina mambo hayo. Ukilazimika, unganisha kwa plagi bila kukata waya wa asili, na uache ubao wa zamani ndani ya kabati.

Sina mchoro wa saketi.

Tafuta kwanza ndani ya kabati: chini, kwenye bahasha iliyopigiliwa ubaoni, nyuma ya mlango. Viwanda vilituma mchoro mkubwa pamoja na mashine. Kumbuka swichi huchorwa zikiwa katika hali ya mashine iliyotulia. Usipopata, chora mwenyewe ubao wa sauti. Una vipuri vichache, na jioni moja yatosha. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa, kwa sababu rangi za waya zimefifia na kahawia na nyekundu hufanana.

Imerudi. Nifanye nini kabla ya kufunga kabati?

Iache iwake saa moja, volyumu ikiwa katikati, ukicheza mara kwa mara. Zima, chomoa plagi, kisha gusa transista za mwisho na kapasita ya kuchuja. Transista ikiwa vuguvugu ni sawa, ikikuchoma kuna kitu kinavuja. Andika volti ulizozipima kwenye karatasi, pamoja na namba za vipuri ulivyobadilisha, na uibandike ndani ya mlango kwa ajili ya fundi atakayefuata.